Aliyepakia Mizigo Hakuagiza Ndege

Hotuba kwa wafanyakazi na wanafunzi wa usafiri wa anga, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, viongozi wa vyama, ndugu zangu mnaofanya kazi uwanjani Embakasi, na ninyi wanangu mlio vyuoni mkitaraji kuajiriwa huko: habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie manung'uniko ya wafanyakazi wa shirika letu la ndege, Kenya Airways, yaani KQ, na namna shirika hilo lilivyoongozwa. Mimi si rubani wala si mhasibu. Nimefundisha sheria za kazi kwa muda mrefu, na KQ imenipa mifano ya darasani kuliko mwajiri mwingine yeyote nchini. Sifurahii kusema hivyo. Nalipenda shirika hili, na nikiwa ughaibuni nikaiona ndege yenye rangi zetu imeegeshwa, moyo hunipanda.

Ninalotaka kulisema ni moja, na nitalisema wazi. Tangu 2012, kila KQ ilipoyumba, wa kwanza kuguswa amekuwa mtu wa mshahara mdogo, ilhali maamuzi yaliyoiyumbisha yalipitishwa kwenye chumba cha bodi. Na kila mfanyakazi aliposimama kulisema hilo, aliitwa mchochezi.

Nirudi nyuma kidogo, maana wengi humu hamkuwa mmezaliwa. KQ ilianzishwa 1977, lilipokufa shirika la East African Airways pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Mali zikagawanywa, ndege zikapata wenyewe, madeni yakabishaniwa. Watu ndio waliosahaulika. Kule Tanzania, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa wakiandamana katika barabara za Dar es Salaam hata baada ya mwaka 2000, wazee wenye mvi, wakidai mafao ya kazi iliyokwisha 1977. Nalitaja hilo kwa sababu desturi ya kumweka mfanyakazi nyuma kabisa kwenye foleni ya wadai haikuanza na KQ. KQ iliirithi.

Hata hivyo, kulikuwa na miaka mizuri. Serikali ilipoamua kuuza sehemu ya shirika, KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26, na mwaka 1996 hisa zikauzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Nairobi. Walimu walinunua, wakulima walinunua, na wafanyakazi wenyewe walinunua. Kwa zaidi ya miaka kumi shirika likawa mfano barani: faida inatangazwa, gawio linalipwa, njia mpya zinafunguliwa kuelekea Afrika Magharibi na ya Kati ambako abiria alizoea kuzungukia Paris ili afike nchi jirani. Kazi ile ilifanywa na watu, nao walistahili sifa, wakubwa kwa wadogo.

Kisha ukaja Mradi wa Mawingu.

Wale waliokuwa kazini wanaukumbuka. Ulikuwa mpango wa miaka kumi wa kulifanya shirika lifike vituo 115 kufikia 2021, likiwa na ndege zaidi ya 100. Wakati huo KQ ilikuwa na ndege thelathini na kitu. Ili kupata pesa za kuanzia, mwaka 2012 wenyehisa waliombwa wachangie shilingi bilioni 20.7 kwa kununua hisa mpya. Zikapatikana bilioni 14.5. Naomba mtulie hapo kidogo. Wenye mali wenyewe, walipoulizwa kama wana imani na ndoto hiyo, walitoa pungufu. Mtu mwangalifu angerudi akapiga hesabu upya. Ndege ziliendelea kuagizwa.

Na mwaka huo huo wa 2012, miezi michache baadaye, shirika lililokuwa likijiandaa kuongeza ndege mara tatu liliwaondoa kazini watu karibu 600. Waliambiwa kwamba gharama za wafanyakazi zimepanda mno.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uhusiano ulipovunjika. Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, haimkatazi mwajiri kupunguza watu. Inamtaka afuate njia. Atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, aeleze sababu na ukubwa wa upunguzaji. Anapochagua nani aende, azingatie muda wa mtu kazini, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Na anayeondoka alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Soma kifungu hicho polepole utaona kimejengwa juu ya jambo moja: mazungumzo kabla ya barua. Ukishatoa barua ndipo uitishe mazungumzo, huo ni upashaji habari tu.

Chama kilikwenda mahakamani. Desemba 2012 Mahakama ya Viwanda ikaamuru waliofukuzwa warudishwe kazini. Mnaweza kufikiria shangwe za siku hiyo. Lakini rufaa ikakatwa, na 2014 Mahakama ya Rufani ikaiondoa amri ya kuwarudisha, ikabaki habari ya fidia. Karibu miaka miwili watu walikaa nyumbani wakisubiri, karo za watoto zinadaiwa, kodi ya nyumba inadaiwa, na huku hawajui kama ni wafanyakazi au si wafanyakazi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wengi mlio Embakasi leo mlifundishwa kazi na watu waliobaki baada ya upunguzaji ule, na waliobaki hawakusahau nani aliondoka na aliondokaje. Kila mkurugenzi aliyekuja baadaye akashangaa kwa nini wafanyakazi hawamwamini ilhali hajawakosea lolote; ameikuta hesabu hiyo mezani na hakuna aliyemweleza.

Turudi kwenye ndege. Ndege ya kwanza aina ya Boeing 787 Dreamliner ilitua Nairobi Aprili 2014, kwa ngoma na vifijo. Nami nilifurahi. Lakini tazameni kalenda. Agosti 2013 moto ulikuwa umeteketeza jumba la abiria wa kimataifa pale Jomo Kenyatta. Septemba likaja shambulio la kigaidi la Westgate. Mwaka 2014 ukaleta mauaji ya Mpeketoni, ukaleta maonyo ya nchi za Magharibi kwa watalii wao, na ukaleta Ebola iliyolazimu safari za Monrovia na Freetown kusimamishwa. Menejimenti iliyataja yote hayo ilipojitetea, na ni kweli yalitokea, wala hakuna mtu wa KQ aliyeyaleta.

Lililoletwa na watu ni kwamba shirika lilikutana na mwaka huo likiwa limebeba mikopo mizito ya ndege kubwa, na likiwa limejifunga kwa mikataba ya kununua mafuta kwa bei iliyopangwa mapema. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100. Kufikia Januari 2015 lilikuwa chini ya dola 50. Mashirika mengine yakashusha pumzi. KQ ikaendelea kugharamia bei ya zamani kwa sababu ndivyo ilivyotia saini. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Uliofuata, bilioni 26.2, hasara kubwa kuliko zote zilizowahi kutangazwa na kampuni ya Kenya hadi siku hiyo.

Sasa mpakiaji mizigo alihusika wapi? Dada anayekata tikiti alitia saini mkataba gani wa mafuta? Fundi aliagiza Boeing ngapi? Mchuma janga hula na wa kwao, wazee walisema, na hapa aliyekula zaidi ni wa kwao. Boeing 777 tatu zilizokuwa mpya kabisa zikakodishwa kwa Turkish Airlines, na Dreamliner mbili zikaenda Oman Air. Bila shaka wako Waswahili wenzetu wa Maskati waliopanda ndege hizo bila kujua kwamba deni lake lilikuwa likilipwa Nairobi. Nafasi yetu ya kutua alfajiri Heathrow, London, mali ambayo shirika likiipoteza ni vigumu mno kuipata tena, nayo ikauzwa mwaka 2016 kwa dola milioni 75. Na mwaka huo huo ikatangazwa kwamba watu wengine wapatao 600 wataondoka.

Nataka niwaambie ninyi vijana kilichofuata, kwa sababu magazeti ya wakati ule yalikiandika kama ukaidi wa watu wenye mishahara mikubwa. Chama cha marubani, KALPA, mwaka 2016 kilitoka hadharani kikasema kinamtaka Mkurugenzi Mkuu, Mbuvi Ngunze, na mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, waondoke. Hawakudai nyongeza ya mshahara. Walisema uongozi umeshindwa. Kikatangaza mgomo wa Oktoba. Mgomo haukufanyika: Awori aliondoka kwenye kiti, akaingia Michael Joseph aliyekuwa ameijenga Safaricom, na mwaka uliofuata Ngunze naye akampisha Sebastian Mikosz kutoka Poland.

Ukiuliza mimi, hilo ndilo tukio muhimu kuliko yote katika habari hii. Wafanyakazi walisema kwa sauti kile ambacho Seneti ilikuwa imekichunguza 2015 kupitia kamati ya Profesa Anyang' Nyong'o, na kile ambacho wakaguzi walioajiriwa na shirika lenyewe walikuwa wakikipekua. Wote walikuwa wakitazama shimo lile lile. Lakini seneta akiuliza anaitwa mheshimiwa, mkaguzi akiuliza analipwa, na rubani akiuliza anaambiwa amevuka mipaka.

Halafu ikafika Novemba 2017. Madeni makubwa yakageuzwa kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki ya hapa nyumbani asilimia 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Wafanyakazi, kupitia mpango wao wa hisa, wakapata asilimia 2.4. Wale wananchi walionunua tangu 1996 wakajikuta wamebakiwa na vipande. Na mwezi huo huo, mafundi waliposimamisha kazi wakilalamikia mishahara, zaidi ya 100 walifukuzwa kwa mkupuo.

Wengi nje ya kazi hii hawajui fundi wa ndege ni nani, kwa hiyo niruhusuni nimweleze. Saa tisa usiku ndege imerudi kutoka safari, inatakiwa iondoke alfajiri. Fundi yuko chini ya bawa na tochi. Rubani aliyeshuka ameandika kwenye kitabu cha ndege kwamba kuna taa fulani iliwaka angani ikazima. Fundi anafungua kifuniko, anapima, anagundua kifaa kimechoka. Anapiga simu stoo, stoo haina. Shirika lenye pesa litakuwa na kifaa hicho rafuni. Shirika lisilo na pesa lina ndege nyingine iliyoegeshwa kando kwa kukosa injini, na kifaa kitang'olewa huko. Kazi ya saa moja inakuwa ya saa nne: kung'oa, kujaza karatasi za kung'oa, kufunga, kupima, kujaza karatasi za kufunga. Kisha anatia saini. Saini ile ina jina lake na namba ya leseni yake, na ndege ikipata ajali, wachunguzi wataanza kwa kuitafuta. Saa kumi na mbili asubuhi, abiria 200 wanapanda wakilalamika kwamba wamecheleweshwa. Fundi anakwenda kituo cha matatu.

Mtu huyo anajua kwamba leseni yake inatambulika Doha, Dubai na Addis Ababa. Mashirika ya Ghuba yamechukua marubani na mafundi wetu mwaka baada ya mwaka, na hayahitaji kuwabembeleza. Gharama ya kumfundisha tumelipa sisi. Unapowafukuza watu kama hao kwa makundi, hata kama mgomo wao haukufuata taratibu, na mara nyingi migomo ya namna hiyo haifuati, unakuwa umemfanyia mshindani wako kazi ya kuajiri. Ningekuwa mezani siku hiyo ningesema: waandikieni barua ya onyo, kisha kaeni nao hadi usiku wa manane.

Machi 6, 2019 mliiona wenyewe kwenye televisheni. Kulikuwa na pendekezo kwamba KQ ichukue uendeshaji wa uwanja wa Jomo Kenyatta. Chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga, KAWU, kikapinga, kikisema ajira za watu hazijahakikishwa. Watu wakaacha kazi alfajiri. Wakaletwa askari, marungu yakatembea, mabomu ya machozi yakapigwa uwanjani penye abiria na watoto wao, na Katibu Mkuu wa chama, Moss Ndiema, akakamatwa. Mpango wenyewe hatimaye haukufanyika. Mbunge yeyote, waziri yeyote, angeweza kuwauliza wapakiaji mizigo wiki moja mapema: mnaogopa nini? Jibu lingepatikana bure.

Ikaja korona. Safari za abiria za kimataifa zikasimama Machi 2020, na hapo kila mtu alikubali kuumia, kwa sababu kila mtu aliona ndege zimesimama. Mishahara ikakatwa, mingine ikaahirishwa. Wengine wakaondolewa. Hisa zikasitishwa sokoni. Sitamlaumu mkurugenzi yeyote kwa ugonjwa. Lakini nataka mjifunze kusoma karatasi ya mshahara. Wengi wetu macho hukimbilia chini, kwenye pesa za kwenda nazo nyumbani. Panda juu kidogo. Kuna mstari wa mchango wa mwajiri kwenye akiba yako ya uzeeni. Mstari ule ukitoweka mwezi huu, jioni utakula kama kawaida, nauli utapata, na wala mkeo au mumeo hatagundua. Utagundua wewe ukiwa na miaka sitini. Kwa hiyo ndio mstari rahisi zaidi kwa mwajiri kuufuta, na ndio ulioguswa.

Marubani waligoma Novemba 5, 2022 kwa ajili ya mstari huo na mishahara iliyoahirishwa. Maelfu ya abiria walikwama. Kulikuwa na wagonjwa wanaokwenda kutibiwa, kulikuwa na maua ya Naivasha yanayonyauka. Siku ya nne jaji wa Mahakama ya Ajira, Anna Mwaure, akawaamuru warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, na akaiagiza kampuni isiwaadhibu. Wakarudi.

Kuhusu mgomo huo nina maoni yatakayowaudhi baadhi yenu. Ibara ya 41 ya Katiba inawapa haki ya kugoma, na dai lao lilikuwa la haki. Lakini waligoma peke yao. Dada wa kaunta ambaye mshahara wake ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa rubani ndiye aliyesimama mbele ya abiria wenye hasira siku nzima, bila majibu na bila maji ya kunywa. Naye akiba yake iliguswa. Chama cha marubani hakikwenda kwake kabla ya mgomo kikasema, dai letu na lako tulipeleke pamoja. Menejimenti imefaidika miaka yote kwa kuwa rubani anakaa na marubani, fundi na mafundi, na mpakiaji mizigo aliyeajiriwa kupitia wakala wa nje hana chama kabisa. Mwajiri akijua kwamba waliovaa mistari begani na waliovaa ovaroli hawazungumzi, hana haja ya kuzungumza na yeyote kati yao.

Sasa tazameni hesabu za karibuni. Mwaka 2022 hasara ilikuwa bilioni 38.3. Mwaka 2023 shirika lilipata faida ya uendeshaji ya bilioni 10.5. Maana yake ni kwamba tikiti na mizigo vililipa mafuta, vikalipa mishahara, vikalipa matengenezo na ada za viwanja, na pesa zikabaki. Kazi ya mikono yenu ililipa. Lakini mwishoni mwa ukurasa ule ule kuna hasara ya bilioni 22.7. Zimekwenda wapi? Zimemezwa na riba na madeni ya dola, wakati shilingi yetu ikiporomoka. Mwaka 2024 shilingi ilipopata nguvu, ikatangazwa faida ya bilioni 5.4, ya kwanza katika miaka 11, na hisa zikarudi sokoni Januari 2025. Tukapiga makofi. Nusu ya kwanza ya 2025, Dreamliner tatu zikakaa chini kwa kukosa injini, ikatangazwa hasara ya zaidi ya bilioni 12.

Yeyote atakayekuja kuwaambia kwamba tatizo la shirika hili ni mishahara, mwekeeni kurasa hizo mbele. Mwombeni aonyeshe kwa kidole.

Afrika Kusini nao wamepita huku, na pengine vibaya zaidi. Novemba 2019 wafanyakazi wa South African Airways waligoma baada ya kutangaziwa kwamba ajira zaidi ya 900 ziko hatarini, na mwezi uliofuata shirika likawekwa mikononi mwa wasimamizi wa kuliokoa. Lakini wao wana jambo moja ambalo sisi hatuna. Mei 2020, Mahakama Kuu ya Pretoria ilimtangaza Dudu Myeni, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi, kuwa hafai kuwa mkurugenzi wa kampuni yoyote maisha yake yote, kwa namna alivyoliongoza shirika. Na kesi ile haikufunguliwa na serikali. Ilifunguliwa na shirika la kiraia la OUTA pamoja na chama cha marubani wa SAA. Wafanyakazi walikusanya barua, kumbukumbu za vikao na ushahidi, wakampeleka mwenyekiti wao kizimbani, wakashinda.

Sheria yetu ya Kampuni ya 2015 nayo inampa jaji uwezo wa kumzuia mtu kuwa mkurugenzi. Ipo kwenye vitabu. Vyama vyetu vimetumia mahakama kurudisha kazi za watu na kudai malipo, na vimefanya vyema. Kuutazama upande wa pili wa meza, kuuliza nani alipitisha nini na kwa ushauri wa nani, hilo tumewaachia wanasiasa, na mwanasiasa hukumbuka KQ wakati wa kampeni.

Nisije nikaonekana naona mabaya tu. Aprili 2024 wafanyakazi wawili wa KQ walikamatwa na idara ya ujasusi wa kijeshi Kinshasa kwa sababu ya mzigo ambao kampuni ilisema haikuwa imeupokea, kwa kuwa karatasi zake hazikukamilika. Walikuwa wamekataa kupokea mzigo usio na nyaraka: walikuwa wamefanya kazi yao. Menejimenti haikuwaruka. Ilitangaza hadharani kwamba hawana kosa, na ilipoona siku zinapita ikasimamisha safari zote za Kinshasa, soko lenye faida, mpaka walipoachiliwa mwanzoni mwa Mei. Nilizungumza na watu wa Embakasi wiki hiyo. Sijawahi kusikia wafanyakazi wakiwataja wakubwa wao kwa heshima namna ile. Haikuhitaji washauri wa kigeni wala mpango wenye jina zuri. Watu waliona kwamba wenzao wamethaminiwa kuliko mapato ya tikiti, wakafanya kazi zamu mbili bila kunung'unika. Basi uwezo huo upo ndani ya jengo lile lile.

Ninachowaomba mkifanye kinahusu hiyo asilimia 2.4. Ni ndogo, lakini mwenyehisa ni mwenyehisa. Anapata taarifa ya mwaka, anaingia kwenye mkutano mkuu, ana haki ya kusimama kuuliza. Nendeni na mtu anayejua hesabu. Ulizeni mkataba wa kila ndege unamalizika lini na unagharimu nini. Ulizeni michango ya uzeeni ambayo haikuwekwa tangu 2020, ni kiasi gani kwa kila kundi la wafanyakazi, na italipwa kwa ratiba gani. Ulizeni kazi zinazopewa wakala wa nje zimeokoa pesa kiasi gani kweli, mkishajumlisha mizigo iliyopotea na fidia za abiria. Na dai la kuwa na mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi, mwenye kura, anayechaguliwa na watu wa zamu zote, lipelekeni kwa pamoja: KALPA, KAWU, mafundi, na hao wa wakala ambao hawajapata chama. Ujerumani wafanyakazi wa Lufthansa huchagua nusu ya wajumbe wa bodi ya usimamizi, na shirika lile linaruka kila siku.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naona kuna mafundi hapa nyuma ambao zamu yao inaanza saa mbili usiku. Naomba wao wapewe nafasi ya kuuliza kwanza, kabla ya sisi wenye viti vya mbele.